Intaneti ipo, lakini tovuti nyingine hazifunguki: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo nyumbani

Taa za rauta zinawaka vizuri, WhatsApp inaingiza meseji, YouTube inacheza bila kukwama, lakini tovuti ya benki inazunguka tu mpaka kivinjari kinakata tamaa. Hali hii inasumbua kuliko intaneti kukatika kabisa. Ikikatika yote, unajua pa kuanzia: bando, umeme, waya. Ikiwa nusunusu, kila mtu nyumbani ana maelezo yake, na fundi akiitwa anafungua Google, inafunguka, anasema "mbona ipo?" kisha anachukua hela yake na kuondoka.

Mwongozo huu ni kwa nyumba za Dodoma, uwe umefungiwa faiba Ilazo au unatumia rauta ya laini Nzuguni au kule Chamwino. Utahitaji simu yenye bando lake mwenyewe, kompyuta kama ipo, karatasi na kalamu. Karatasi usiidharau. Tatizo la aina hii hutatuliwa kwa kujua kwa uhakika *zipi* zinafunguka na *zipi* hazifunguki, si kwa kubonyeza kila kitu mpaka kimojawapo kikubali.

1. Andika orodha mbili kabla ya kuzima chochote

Najua mkono unakwenda kwenye swichi ya rauta. Uzuie kwanza. Kuzima na kuwasha mara nyingine huondoa tatizo kwa saa chache, halafu linarudi usiku huku huna la kumweleza mtu.

Gawa karatasi pande mbili, zinazofunguka na zisizofunguka. Jaribu tovuti za makundi manne: kubwa za dunia kama Google, YouTube na Facebook, za Serikali zinazoishia na .go.tz, mfano NECTA au HESLB. Za hapa nchini zisizo za Serikali, kama benki yako au gazeti. Na za nje zisizo maarufu, kwa mfano chuo kikuu kidogo cha Ulaya au India.

Kwa kila isiyofunguka, nakili maneno yanayotokea kwenye skrini kama yalivyo. Watu wengi huyapita bila kuyasoma, na humo ndimo ilimo nusu ya jibu:

- DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, au maneno ya kwamba anwani ya seva haikupatikana: jina la tovuti halikutafsiriwa kuwa namba. Nenda hatua ya 4.
- ERR_CONNECTION_TIMED_OUT: jina limepatikana, ila njia ya kufika haipiti. Hatua ya 5, 6 au 7.
- NET::ERR_CERT_DATE_INVALID: mara nyingi ni saa ya kifaa chako. Hatua ya 2.
- Ukurasa mweupe unaozunguka bila kusema lolote: shuku ukubwa wa paketi, hatua ya 5.
- 403 au "Access denied": umefika, ila tovuti yenyewe imekukataa. Mwisho wa hatua ya 7.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Google na YouTube kufunguka si ushahidi kwamba intaneti yako ni nzima. Kampuni za simu na za intaneti huhifadhi nakala za video na kurasa nyingi za Google kwenye seva zilizo ndani ya mtandao wao, kwa hiyo ombi lako huenda lisivuke hata mpaka wa nchi. Pia Google na Facebook zinapatikana kwa IPv4 na IPv6, yaani mfumo wa zamani na mfumo mpya wa anwani za mtandaoni, kwa hiyo njia moja ikifa, nyingine inazibeba. Na huduma za Google hutumia sana mfumo wa QUIC, unaoanza na paketi ndogo na kupita mahali ambapo tovuti za kawaida hukwama. Ukitaka kupima intaneti, pima kwa tovuti zisizo na bahati hiyo.

2. Ni kifaa kimoja au ni nyumba nzima?

Fungua tovuti ileile iliyogoma kwenye simu nyingine iliyo kwenye WiFi ileile. Kisha zima WiFi kwenye simu hiyo na uifungue kwa bando la simu, ikiwezekana la mtandao tofauti na ule wa rauta.

Ikigoma hata kwa bando la simu, rauta yako haina kosa. Ruka mpaka hatua ya 7. Ikigoma kwenye vifaa vyote vya WiFi na kufunguka kwa bando la simu, nenda hatua ya 3. Ikigoma kwenye kifaa kimoja tu, shughulika na kifaa hicho, kwa mpangilio huu.

Tazama saa na tarehe. Kompyuta ya mezani yenye betri ndogo ya ubao iliyokufa, ile ya mviringo inayoitwa CR2032, husahau tarehe kila umeme unapokatika. Ikiamka inadhani ni miaka mingi iliyopita, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana batili, na kurasa zinagoma moja baada ya nyingine. Rekebisha tarehe, weka majira ya Nairobi au Dar es Salaam, kisha badili betri.

Zima VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Zile za bure hubaki zimewashwa bila mwenye simu kujua, hasa simu ikiwa inachezewa na watoto. Kwenye Android, ingia mipangilio ya mtandao utafute sehemu ya "Private DNS", uiweke kwenye hali ya kiotomatiki. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya mtandao, sehemu ya "Proxy" (proksi, seva ya kati inayopitisha maombi yako), uhakikishe hakuna anwani iliyowekwa humo. Kompyuta iliyotoka ofisini huwa na proksi ya ofisi, na nyumbani proksi hiyo haipatikani.

Kama kifaa ni simu ya zamani, angalia toleo la Android. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na tangu mwisho wa Septemba 2024 simu za Android 7.0 kurudi nyuma haziviamini tena. Mtumiaji anaona tovuti fulani zinakataa huku nyingine zikikubali, anailaumu WiFi. Dawa rahisi ni kuweka kivinjari cha Firefox, ambacho hubeba orodha yake chenyewe ya vyeti vinavyoaminika, mradi toleo lake bado linakubali simu hiyo.

3. Bando na rauta yenyewe

Hapa usikae sana. Piga 100 au fungua programu ya mtoa huduma uangalie vitu viwili. Cha kwanza, kama kifurushi ni cha intaneti yote au cha mitandao ya kijamii pekee. Cha pili, kama umevuka kiwango cha matumizi ya kasi kamili. Vifurushi vingi vinavyoitwa "bila kikomo" hupunguza kasi ukishavuka kiwango. Meseji za WhatsApp zitaendelea kupita maana ni nyepesi, lakini ukurasa wa benki wenye mafaili mengi utachelewa mpaka kivinjari kiache kusubiri. Kwa nje inafanana kabisa na "tovuti nyingine hazifunguki".

Sasa ndipo unaweza kuzima rauta. Chomoa kwenye umeme, subiri dakika moja, chomeka. Kama kila kitu kinapona kwa saa kadhaa kisha kinaharibika tena, shuku rauta ndogo iliyozidiwa. Rauta hutunza jedwali la miunganisho yote inayopita, na za bei nafuu jedwali hujaa haraka. Likijaa, miunganisho ya zamani inaendelea na mipya inakataliwa. Nyumba yenye wapangaji wanaogawana WiFi moja hufika hapo mapema, na kama kuna mtu anapakua kwa torenti, mapema zaidi.

4. DNS: jina halipati namba yake

Kompyuta haiijui tovuti kwa jina. Hulipeleka jina kwa seva ya DNS na kurudishiwa namba ya IP. Kwa kawaida rauta hutumia DNS ya mtoa huduma, na seva hiyo ikilemewa au ikishika taarifa za zamani, majina mengine hutafsiriwa na mengine hayatafsiriwi.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika, ukiweka jina la tovuti inayokusumbua:

nslookup www.necta.go.tz

Kisha uliza seva nyingine swali lilelile:

nslookup www.necta.go.tz 1.1.1.1

Linganisha majibu. Ya kwanza ikisema "DNS request timed out" au "Non-existent domain" na ya pili ikakupa namba, umempata mchawi. Zote mbili zikikupa namba, DNS si tatizo, na usipoteze jioni kuibadilisha kwa sababu tu jirani alisema. Zote zikishindwa kwa tovuti hiyo moja huku nyingine zikipata namba, huenda tovuti yenyewe ina tatizo la jina, na hapo huna la kufanya.

Kurekebisha, fungua ukurasa wa rauta. Anwani yake imebandikwa chini ya rauta pamoja na nywila. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Tafuta sehemu ya DHCP au LAN. Kabla ya kugusa, piga picha ya namba zilizopo. Kisha weka 1.1.1.1 ya Cloudflare kama ya kwanza na 8.8.8.8 ya Google kama ya pili. Hifadhi, tenganisha vifaa na WiFi uviunganishe upya, na kwenye kompyuta andika ipconfig /flushdns ili ifute majibu ya zamani iliyoyakumbuka.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kama namba za DNS ulizozikuta si za mtoa huduma wako wala huzitambui, kuna uwezekano mtu aliingia kwenye rauta na kuzibadili ili akupeleke kwenye kurasa bandia. Badili nywila ya kuingilia rauta siku hiyohiyo, maana ile ya kiwandani inajulikana na kila mtu. La pili, kurasa za mtoa huduma za kuangalia salio mara nyingine hufunguka kwa DNS yake tu. Ukiona zimegoma baada ya mabadiliko, hiyo ndiyo sababu. Rauta nyingine zimefungwa na mtoa huduma na hazikuruhusu kubadili. Hapo badilisha kwenye kila kifaa.

5. Ukubwa wa paketi: tatizo linalowashinda wengi

Hii nataka uisome polepole, kwa sababu ndiyo inayofanya watu wabadilishe rauta nzima bila faida.

Data husafiri ikiwa imekatwa vipande, yaani paketi. Kwenye mitandao ya kawaida paketi moja haizidi baiti 1500. Kiwango hicho huitwa MTU. Baadhi ya njia hubeba pungufu. Faiba inayotumia PPPoE, yaani inayodai jina la mtumiaji na nywila ndani ya rauta, hutoa baiti 8 kwa ajili ya bahasha yake na kubakiza 1492. Mitandao ya simu nayo hufunga data yako ndani ya bahasha nyingine, na VPN huongeza yake juu yake.

Paketi ikiwa kubwa kuliko njia, kifaa cha njiani kinapaswa kurudisha taarifa kwamba "punguza ukubwa". Lakini seva nyingi zimewekewa vizuizi vya usalama vinavyotupa taarifa hizo. Seva haijui kitu, inaendelea kutuma paketi kubwa, nazo zinaendelea kupotea. Ni kama kabati lisilopita mlangoni wakati viti vyote vimeshaingia. Ombi lako ni dogo, linafika. Salamu za mwanzo ni ndogo, zinapita. Kisha seva inatuma cheti chake cha usalama, ambacho kwa kawaida hakitoshi kwenye paketi moja, na hapo kila kitu kinasimama. Ndiyo maana unaona ukurasa mweupe unaozunguka bila kosa lolote. Na tovuti ambayo mwenyewe ameipangia paketi ndogo itafunguka kama kawaida, pembeni ya ile iliyogoma.

Kupima, kwenye dirisha jeusi andika:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Namba 1472 ni mzigo. Ongeza 28 za bahasha unapata 1500. Alama ya -f inakataza paketi kukatwa njiani. Ukipata "Reply from", njia inabeba 1500. Ukipata "Packet needs to be fragmented but DF set", paketi ni kubwa mno na kuna kifaa kimekuambia. Ukipata "Request timed out" kwa 1472 lakini ukajibiwa kwa 1400, kuna shimo linalomeza paketi kimyakimya, na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Shuka taratibu: 1464, 1452, 1440, 1420, 1400. Ukiona namba kubwa kuliko zote inayojibiwa, ongeza 28. Hiyo ndiyo MTU yako. Kwenye Mac tumia ping -D -s 1472, na kwenye Linux ping -M do -s 1472.

Nyumba moja Ipagala, mama mwenye nyumba anaendesha steshenari barazani na wanafunzi wa chuo humiminika kujaza fomu. Walikuwa wamenunua rauta kubwa ili WiFi ifike mpaka nje, na tangu hapo fomu za mtandaoni ziligoma nusu yake. "Lakini kaka, picha za Facebook zinafunguka zote," alisema, na ilikuwa kweli. Kwenye skrini, 1472 ilikaa kimya mara nne. 1464 ikajibu mara nne. Ukurasa wa rauta mpya ulionyesha PPPoE, na chini yake kisanduku kidogo cha MTU kimeandikwa 1500. Kilipoandikwa 1492 na rauta kuwashwa upya, fomu ya kwanza ilifunguka kabla mwanafunzi hajamaliza kulalamika.

Kisanduku hicho kiko sehemu ya WAN au Internet. Kama rauta yako inacho cha MSS badala yake, yaani ukubwa wa data pekee ndani ya paketi, andika MTU ukitoa 40. Kama haina hata kimoja, jaribu kwenye kompyuta kwanza. Fungua dirisha jeusi kwa haki za msimamizi na andika:

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1400 store=active

Amri hii hufa ukizima kompyuta, kwa hiyo haina madhara. Tovuti zilizogoma zikifunguka, umethibitisha. Fanya jaribio hili hata kama ping ya 1472 ilijibiwa, kwa sababu njia ya kurudi kutoka kwenye tovuti yako si lazima iwe ileile ya kurudi kutoka 1.1.1.1. Usiishushe MTU kupita kiasi "kwa usalama"; chini ya 1280 IPv6 haifanyi kazi.

6. IPv6 iliyokufa nusu

Fungua test-ipv6.com kwenye kivinjari. Ukurasa utakuonyesha kama IPv4 na IPv6 zinapita. Ikisema IPv6 ipo lakini ina hitilafu, ingia kwenye rauta, izime, ujaribu tena zile zilizogoma. Dalili yake ni tovuti kuchelewa kuanza na baadaye kufunguka. Kinyume chake kipo pia: IPv4 imekatika na kubaki IPv6 peke yake, hapo Google na Facebook zitafunguka na tovuti nyingi ndogo zitagoma. Hilo la pili ni la mtoa huduma, mpigie.

7. Tatizo likiwa nje ya nyumba yako

Data ya kwenda nje ikitoka Dodoma hupita kwenye mkongo mpaka pwani, na kutoka Dar es Salaam huingia kwenye nyaya za baharini kama SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy, iliyofuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku za namna hiyo karatasi yako itaonyesha picha ya wazi: zilizo na seva nchini zinafunguka, za nje zinagoma au zinakuja kwa shida, na kwa bando la simu hali ni hiyohiyo au inatofautiana kwa mtandao. Usiguse rauta. Subiri.

Kuna tovuti zinazozuiwa nchini kote. Mtandao wa X (zamani Twitter) ulizuiwa Mei 2025. Ikiwa tovuti moja maarufu inagoma kwenye mitandao yote ya simu huku nyingine zote zikipita, hutaitatua kwa DNS wala MTU. Na kabla ya kukimbilia VPN, ujue kwamba Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kuzisajili.

Na kuna tovuti zinazokukataa wewe. Mitandao ya simu hugawa anwani moja ya IP kwa wateja wengi, na mmoja wao akifanya fujo, tovuti inaifungia anwani nzima. Utaona 403, au utaombwa kuthibitisha kwamba wewe si roboti kila mara. Zima rauta dakika chache ili upate anwani nyingine, kisha jaribu tena.

8. Namna ya kumpigia mtoa huduma

Ukisema "intaneti inasumbua" utaambiwa uzime na kuwasha. Sema hivi: "Habari dada, intaneti ipo, tovuti hizi tatu hazifunguki kwenye vifaa vyote vya WiFi tangu jana jioni. Kwa bando la simu zinafunguka. DNS inarudisha namba sawa. Ping ya 1472 haipiti, ya 1400 inapita. Naomba uniandikie namba ya malalamiko na unipeleke kwa mafundi wa mtandao." Akikupa namba, iandike kwenye karatasi ileile, pamoja na tarehe na saa.

Kabla hujapiga, andika tracert, amri inayoonyesha vituo data inavyopitia, pamoja na jina la tovuti kwenye dirisha jeusi, upige picha matokeo. Nyota tatu njiani si lazima ziwe kosa, maana vifaa vingi havijibu. Kinachomsaidia fundi ni hatua ya mwisho iliyojibu kabla ya ukimya. Mtumie picha hiyo.

Wasipolishughulikia, peleka lalamiko TCRA ukiwa na namba ya malalamiko na karatasi yako. Wao hupokea baada ya wewe kuanza kwa mtoa huduma, ndiyo maana namba ile ni lazima, na hapa Dodoma wana ofisi ya Kanda ya Kati.